Pampu Inayotuma Ripoti: Siri ni Usingizi

Ndugu na dada wa vikundi, bila shaka mmewaona watu wakija na vidude vya kufungwa kwenye pampu, tangi au hata mzinga wa nyuki, wakisema kitatuma habari kwa simu chenyewe. Kikundi kimoja tunachokitembelea kilinunua cha kupima maji kwenye tangi. Muuzaji aliwaambia betri itakaa miaka mitano. Haikumaliza miezi miwili. Akina mama wakaona wametapeliwa, na mweka hazina akalaumiwa kwa kosa ambalo si lake. Tulipokifungua pamoja na fundi wa redio hapo sokoni, kumbe kidude ni kizima kabisa! Shida ni kwamba kilikuwa kimepangwa kutuma ujumbe kila dakika 10, yaani mara 144 kwa siku. Nani anataka habari ya tangi mara 144 kwa siku?

Hebu tutazame ndani ya mkebe. Kuna chipu ndogo kama ukucha wa mtoto, inaitwa maikrokontrola. Hiyo ndiyo ubongo. Ni kompyuta nzima, ila ndogo: inahesabu, inakumbuka, inatazama saa. Kando yake kuna kipimo, redio ya kutuma ujumbe, na betri. Basi, ni hayo tu.

Sasa hesabu. Chukua jiwe moja dogo la tochi, la aina ya AA. Tuseme limebeba miliampea-saa 2000. Msiogope neno hilo. Ni kama mtungi wenye vikombe 2000, na kifaa cha miliampea 1 kinakunywa kikombe kimoja kila saa. Kikinywa bila kupumzika, mtungi umekauka kwa siku 83. Lakini chipu za aina hii zikilala, nyingi hunywa kikombe kimoja kwa saa 1000 au zaidi. Kwa mwendo huo jiwe litaoza lenyewe kabla halijaisha. Kinachokesha ni saa ndogo iliyo ndani, kama askari wa usiku. Wakati ukifika inaiamsha chipu. Chipu inasoma kipimo, inaandika, inarudi kulala. Kazi yote haichukui hata sekunde moja.

Mlaji mkubwa ni redio. Kidude chenye laini ya simu ya kawaida kinapotuma ujumbe, kinaweza kuvuta hadi miliampea 2000 kwa vipindi vifupi sana. Mnara ukiwa mbali ni lazima kipaze sauti, na kisiposikika kinajaribu tena na tena. Ndio sababu kidude kile kile kinadumu mjini na kufa mapema huko bondeni. Kuna redio ya aina nyingine iitwayo LoRa, inayofikisha habari kidogo kilomita kadhaa kwa nguvu ndogo, lakini inataka mtambo wa kupokea wenye umeme na intaneti. Kwa kikundi chenye tangi moja hatuoni faida yake. Vijiji vingi vikiungana, hapo ni jambo lingine.

Je, vidude hivi vimewahi kusaidia watu kama sisi? Ndiyo, na si mbali. Mwaka 2013, huko Kyuso katika Kaunti ya Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vidude kwenye mipini ya pampu za mkono. Kila mama alipopampu, kipimo kilihisi mpini ukipanda na kushuka, chipu ikahesabu, kisha hesabu ikatumwa kwa meseji. Pampu ikinyamaza, ofisini wanajua. Hapo mwanzo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio ilikuwa chini ya siku 3.

Lakini tusidanganyane. Chipu haikushika spana hata siku moja. Kulikuwa na fundi tayari, na vipuri, na mtu wa kusoma zile meseji. Baadaye huduma hiyo ikawa FundiFix, inayofanya kazi Kitui na Kwale, na vijiji hulipa ada kila mwezi ili fundi aje haraka. Kwa maoni yetu, kikundi kisicho na fundi wala akiba ya vipuri kianzie hapo kwanza. Kidude kitawaambia tu jambo ambalo watoto wenye mitungi mitupu wameshawaambia.

Kama mmeamua kununua, mwulizeni muuzaji kidude kitaamka mara ngapi kwa siku, na kitatuma mara ngapi. Hayo ni maswali mawili tofauti! Kinaweza kupima kila saa, kikaweka akiba ya hesabu, halafu kikatuma mara moja tu jioni. Kwa tangi hiyo inatosha, mradi kiwe kimepangwa kupiga kelele papo hapo maji yakishuka ghafla. Ombeni awaonyeshe jinsi ya kubadilisha mpango huo wenyewe, na betri ya aina gani inaingia, na kama inapatikana dukani kwenu. Mwulize pia nani atalipia laini. Kile kikundi chetu kilibadilisha mpango kikaweka mara moja kwa siku, betri ikatulia. Halafu ujumbe ukakoma tena. Safari hii laini ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha katibu wa zamani, ambaye aliolewa akahamia Nakuru.