Fahamu: Riwaya za fantasia ya kishujaa, na pa kuanzia

Ni riwaya gani hizi?
Ni hadithi ndefu za falme, ngome, panga na uchawi. Mwandishi hubuni ulimwengu mzima, pamoja na ramani, koo na historia yake. Nyingi huchota mandhari ya Ulaya ya Zama za Kati.

Zilishikaje kasi?
J.R.R. Tolkien, mzaliwa wa Bloemfontein, Afrika Kusini, na profesa wa Oxford, alichapisha The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Waandishi wengi walifuata nyayo zake.

Uanze na ipi?
- Msomaji mgeni: The Hobbit ya Tolkien (1937), safari moja yenye mwanzo na mwisho.
- Mpenzi wa siasa: A Game of Thrones ya George R.R. Martin (1996). Kila sura humfuata mhusika mmoja. Mfululizo wake haujakamilika.
- Anayetaka kitabu kifupi: A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin (1968). Humo, anayejua jina la kweli la kitu hukitawala.

Kwa nini kupendekeza vizuri ni muhimu?
Mfululizo wa fantasia wa The Wheel of Time pekee una juzuu 14, hivyo pendekezo lisilofaa linaweza kumpotezea mtu muda mwingi. Kabla ya kumshauri mwenzako, muulize anapenda nini na ana muda kiasi gani.