Sayansi: Namna leza inavyonasa elektroni ikitoroka molekuli

Mwanga wenye nguvu ukipiga molekuli, unaweza kuitoa elektroni moja. Molekuli iliyobaki inageuka kuwa ayoni. Kwa miaka mingi wanafizikia walihesabu kana kwamba elektroni inatoka palepale, sababu hapakuwa na chombo cha kupima muda mfupi namna ile.

Muda huo unahesabiwa kwa atosekunde. Gawanya sekunde moja mara bilioni, chukua kipande kimoja, kisha ukigawanye tena mara bilioni: hiyo ndiyo atosekunde moja.

Tarehe 3 Oktoba 2023, zawadi ya Nobel ya fizikia ilitangazwa kwa watu watatu waliofungua njia hii: Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier. Bi L'Huillier alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, simu ilipomfikia wakati wa mapumziko. Aliipokea, kisha akarudi kumalizia somo. Ni mwanamke wa tano kupata zawadi hiyo.

Kazi yake ilianza Ufaransa. Mwaka wa 1987, yeye na wenzake walipitisha leza ndani ya gesi, nayo gesi ikatoa mawimbi mengi mapya ya mwanga. Mawimbi hayo yakipangana vizuri, yanaungana na kuwa mmweko mfupi sana. Mwaka wa 2001, Agostini alipata mfululizo wa mimweko, kila mmoja wa atosekunde 250. Krausz, akiwa Vienna, alitenga mmweko mmoja wa atosekunde 650.

Kupima kunafanyika hivi: mmweko wa kwanza unatoa elektroni, wa pili unaifuata na kuonyesha imefika wapi. Watafiti wanabadilisha nafasi kati ya mimweko hiyo miwili, wanarudia mara nyingi, kisha wanaunganisha matokeo kama picha za filamu.

Mwaka wa 2014, Francesca Calegari na wenzake walijaribu fenilalanini, moja ya asidi za amino zinazojenga protini mwilini. Baada ya elektroni kutoka, chaji ya umeme ilihama ndani ya molekuli kwa muda usiofika femtosekunde 4.5, yaani atosekunde 4,500. Atomi zenyewe, kwa kuwa ni nzito, zinasogea polepole zaidi.

Jambo hili linagusa afya ya watu. Mionzi inapoharibu chembe za mwili, mwanzo wake ni kutoa elektroni katika molekuli. Mionzi hiyohiyo inatumika pia kutibu kansa. Anayejua dakika ya kwanza ya uharibifu anaweza kuelewa vizuri zaidi yanayofuata.

Kwa upande mwingine, kundi la Krausz huko Ujerumani linapitisha mimweko mifupi ya infraredi katika damu, likitafuta alama za kansa mapema. Hiyo bado ni kazi ya utafiti. Kwa sasa, mgonjwa anaendelea kutegemea vipimo vya kawaida vya hospitali.