Kupeleka Nduthi Ushago Bila Kupoteza Pesa Njiani

Simama asubuhi pale Barabara ya James Gichuru inapokutana na Waiyaki Way, karibu na Muthangari, na usishangae ukiona pick-up imebeba nduthi nyuma, imefungwa kwa kamba ya manila, ikielekea Limuru. Mara nyingi huo ni zaidi ya mzigo. Ni akiba ya mtu.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa geti hapa Muthangari. Ameweka pesa kidogo kidogo miaka miwili, akanunua Boxer ya mkono wa pili ili mdogo wake aanze kazi ya boda Kakamega. Hiyo ni safari ya karibu kilomita 400. Akiiendesha mwenyewe, ni uchovu na kupishana na malori njia nzima. Akikodi pick-up nzima, pesa ya bima imeisha. Sasa afanye nini?

Tafuta gari ambalo lingeenda hata bila wewe

Bei hushuka dereva akiwa tayari na safari yake. Malori huleta mahindi, ndizi na mboga Nairobi, kisha mengine hurudi yakiwa na nafasi. Kuna mabasi yenye ofisi ya mizigo yanayobeba pikipiki na kukupa risiti. Au ni jirani anayeenda nyumbani na pick-up au trela, mnachangia mafuta.

Kama ni trela, hakikisha ina namba yake ya usajili inayoanza na Z, na taa za nyuma zinawaka. Usikubali nduthi ivutwe kwa kamba nyuma ya gari ati ni bei rahisi. Lazima mtu aikalie, na gari likifunga breki ghafla hana pa kwenda.

Ifunge vizuri

Nduthi kama hii huzidi kilo 100, kwa hivyo kamba moja haitoshi. Punguza petroli, funga tapu, toa vioo, weka gia. Isimamishe wima, gurudumu la mbele likiegemea ukuta wa gari. Tumia mikanda minne ya kukaza, miwili mbele na miwili nyuma, kila mmoja ukivuta upande wake hadi shoki za mbele zishuke kidogo. Usifunge kwenye spoki wala ncha za usukani. Mwombe dereva asimame Rironi, karibu kilomita 25 kutoka James Gichuru, akaze tena. Mikanda hulegea mapema.

Usilipe zote mwanzo

Hapa ndipo watu huumia. Tuseme mmeelewana shilingi 6,000. Tuma 2,000 nduthi ikishapakiwa ukiiona kwa macho, sio jana yake "ya kushika nafasi". Zile 4,000 zitume mdogo wako akikupigia kwamba ameipokea na ameikagua. Ndiyo, utakatwa ada ya kutuma mara mbili. Lakini hiyo ada ya pili ndiyo inampa dereva sababu ya kufika. Mkubaliane mapema pia kama ni "na ya kutoa", msije mkagombana Kakamega.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina la mpokeaji na ulilinganishe na kitambulisho cha dereva. Akisema "tuma kwa laini ya bosi", usitume kwanza. Ongea na huyo bosi na ujue ni nani. Ukikosea namba, omba pesa zirudishwe saa hiyo hiyo, kwa sababu zikishatolewa ni vigumu kuzipata.

Na wewe dereva unayetusoma, usishushe mzigo kwa sababu umeonyeshwa SMS. Angalia salio lako kwanza.

Picha na karatasi

Piga picha ya nduthi pande zote, namba ya chasisi, namba ya injini na kilomita zilizoandikwa. Piga pia namba ya gari linalobeba, kisha mtumie atakayepokea. Dereva apewe nakala ya logbook na barua fupi yenye jina na namba yako, maana polisi wakimsimamisha watauliza nduthi ni ya nani. Logbook yenyewe baki nayo. Kama nduthi bado ina mkopo, uliza aliyekukopesha kabla ya kuihamisha. Na kama unampa mdogo wako kabisa, badilisheni umiliki kwa NTSA kupitia eCitizen.

Usifute SMS za malipo hadi mambo yote yaishe. Kukiwa na ubishi, hizo ndizo risiti zako. Ukikwama, piga simu kwa huduma kwa wateja. Tutakuuliza maswali ya kukutambua, lakini hatutakuuliza PIN hata siku moja.