Umetoa Figo? Usiusahau Moyo Wako

Jamaa akipandikizwa figo Nairobi au Eldoret, macho ya familia yote humwelekea yeye. Anarudi kliniki kila mara, anameza dawa, anapimwa. Ndugu aliyempa figo hurudi shambani Rongo au ziwani Mbita, kidonda kinapona, na habari yake inaishia hapo. Hakuna anayemuuliza kuhusu shinikizo la damu.

Kutoa figo si ugonjwa. Ronald Herrick wa Marekani alimpa pacha wake figo mwaka 1954, akaishi miaka 56 baada ya hapo. Figo inayobaki hupanuka na kufanya sehemu ya kazi ya ile iliyotolewa.

Hata hivyo, figo na moyo hutegemeana. Figo huondoa maji na chumvi ya ziada mwilini na kusaidia kudhibiti shinikizo la damu. Baada ya kutoa moja, uwezo wa kuchuja damu hubaki takriban theluthi mbili, na kwa baadhi ya watu shinikizo hupanda polepole miaka inavyosonga. Likipanda, huchosha moyo, huweza kuleta kiharusi na huharibu figo hiyo iliyobaki. Mara nyingi halina dalili, kwa hivyo usingoje kuumwa.

Fanya haya:

- Pimwa kila mwaka, maisha yako yote. Omba kipimo cha shinikizo, cha kreatinini kwenye damu na cha protini kwenye mkojo. Shinikizo likifika 140/90, mwone daktari.
- Punguza chumvi. Kwa siku isizidi kijiko kimoja cha chai (gramu 5), pamoja na iliyomo kwenye samaki wa chumvi na viungo vya pakiti. Omena hunoga kwa nyanya, kitunguu na ndimu.
- Jihadhari na dawa za maumivu. Diklofenaki na brufeni huweza kudhuru figo na kupandisha shinikizo. Usizinunue dukani bila ushauri wa mhudumu wa afya.
- Acha sigara, fanya mazoezi. Dakika 150 kwa wiki zinatosha; kutembea kwa haraka na kulima pia huhesabiwa.
- Ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema. Mama aliyetoa figo huwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo la juu wakati wa ujauzito.

Kupima shinikizo hakuhitaji safari ya Nairobi. Fika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au umuulize mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini kwako. Kwa vipimo vya damu, fika hospitali ya rufaa ya kaunti, Migori au Homa Bay. Popote uendapo, anza kwa kumwambia mhudumu: "Nina figo moja."

Ukipata maumivu ya kifua, ukishindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili ukilegea, nenda hospitali mara moja.

Na wewe uliyepokea figo, siku yako ya kliniki ikifika, mkumbushe ndugu yako naye akapimwe.