Zawadi ya Mahudhurio na Mtoto Mwenye Udhuru

Ndugu Waislamu, baadhi ya shule na madrasa zetu humtuza mtoto asiyekosa hata siku moja. Nia ni njema. Lakini mwenye sikoseli, aliyelazwa wiki mbili, ataipataje tuzo hiyo? Katika Sahihi ya Bukhari, Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amepokea kwa Mtume (s.a.w.) kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa aliyoyatenda akiwa mzima, mkaazi. Mola hamkatii mgonjwa ujira wake. Sisi twamkatia kwa daftari la mahudhurio! Na binti anayebakizwa nyumbani kumlea mdogo wake, kosa ni lake au letu wazazi? Twawaomba walimu wasihesabu siku za udhuru kuwa utoro, nasi tusimpeleke darasani mwenye homa kwa kutamani zawadi.