Mazoezi ya Alfajiri na Usiku Unaoyatangulia

Mazoezi ya alfajiri huzungumzwa aghalabu kama suala la nia: mwenye nia huamka, na asiyekuwa nayo huizima kengele ya simu na kujifunika shuka upya. Mtazamo huo una kasoro kubwa, kwa kuwa huipuuza ile sehemu ya siku ambamo nguvu za kufanyia mazoezi hayo hupatikana, yaani jioni na usiku uliotangulia. Mtu aliyelala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili akimbie hana upungufu wa nia, bali ana upungufu wa usingizi, na hakuna hamasa inayoweza kulipa deni hilo kwa zaidi ya wiki chache.

Wanariadha wa masafa marefu wa Kenya hutajwa mara nyingi kama kielelezo cha kuamka mapema, na ni kweli kwamba katika mji wa Iten, ulioko kwenye kingo za Bonde la Ufa takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, makundi ya wakimbiaji huwa tayari barabarani mnamo saa kumi na mbili asubuhi. Jambo linalosahaulika ni kwamba watu hao ni miongoni mwa watu wanaopumzika zaidi katika nchi yao. Katika kambi za mazoezi, zikiwemo zile za Kaptagat alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, chakula cha jioni huliwa mapema, taa huzimwa mnamo saa tatu usiku, na mchana hutengwa muda wa kulala tena kabla ya mbio za jioni. Wanaoiga kuamka kwa wakimbiaji hao bila kuiga kulala kwao huchukua nusu ya utaratibu, tena ile nusu inayoonekana kwenye picha.

Ili kuelewa kwa nini saa ya kulala ina uzito kiasi hicho, ni lazima kuitazama saa iliyomo mwilini. Katika eneo la ubongo liitwalo haipothalamasi mna kifungu kidogo cha seli za neva ambacho hupanga mzunguko wa usingizi, joto la mwili, njaa na homoni kwa kipindi cha takribani saa 24, na kazi ya kueleza jinsi jeni zinavyouendesha mzunguko wa aina hiyo, iliyofanywa kwa kuwachunguza nzi wadogo wa matunda, ndiyo iliyowapatia Wamarekani Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo huanza kutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umefika. Kuelekea asubuhi melatonini hupungua na kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili kazi za mchana, hupanda na kuendelea kupanda kwa dakika 30 hadi 45 baada ya mtu kuamka. Joto la mwili nalo hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa takribani saa mbili kabla ya muda ambao mtu amezoea kuamka. Kwa hiyo aliyezoea kuamka saa moja asubuhi, ambaye ghafla anaamua kuanza mbio saa kumi na moja alfajiri, huutaka mwili wake ufanye kazi ngumu katika saa ile ile ambayo umepoa na kuzubaa kuliko saa nyingine zote. Uzito anaouhisi miguuni si uvivu.

Saa hiyo ya mwili inaweza kusogezwa, ila husogea polepole, na kinachoisogeza kwa nguvu zaidi ni mwanga. Mwanga wa asubuhi huivuta iwe mapema. Mwanga mkali wa usiku, ukiwemo ule wa simu iliyo karibu na uso, huichelewesha. Hapa wakazi wa Afrika Mashariki wana neema ambayo watu wa Ulaya ya kaskazini hawana, kwa kuwa karibu na ikweta muda wa jua kuchomoza hubadilika kwa chini ya saa moja katika mwaka mzima, na mtu aliyejizoesha kutoka nje saa kumi na mbili na nusu mwezi wa Januari atakutana na mwanga unaokaribiana na huo mwezi wa Julai. Utaratibu wa busara ni kuisogeza saa ya kulala na ya kuamka kwa dakika 15 au 20 kila baada ya siku chache, hadi ifikie inapotakiwa, kisha kuishikilia hata siku za mapumziko. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na hesabu yake ianzie mwisho: anayetaka kuamka saa kumi na moja alfajiri anapaswa kuwa amelala usingizi, wala si kuwa amepanda kitandani tu na simu mkononi, kabla ya saa nne usiku.

Mwili ukishaamka hauwi tayari papo hapo. Kwa dakika 15 hadi 30, na zaidi kwa aliyelala kidogo, ubongo hubaki katika hali ya mzubao inayopunguza wepesi wa kuamua na kujibu, na ndiyo maana uamuzi wa kuacha mazoezi hufikiwa kwa urahisi kitandani na kujutiwa saa mbili baadaye. Nguo na viatu vilivyoandaliwa tangu usiku, maji yaliyowekwa karibu na njia iliyokwisha kuchaguliwa huondoa haja ya kuamua lolote katika muda huo. Uti wa mgongo nao unadai subira, jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu anapolala, zile sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo hunyonya maji na kuvimba, hivyo katika saa ya kwanza baada ya kuamka hukazika zaidi mgongo unapokunjwa. Mazoezi ya tumbo ya kulala chali na kuinuka, kugusa vidole vya miguu na kunyanyua vyuma vizito ni heri yasubiri, na nafasi yake ichukuliwe na kutembea kwa mwendo unaoongezeka taratibu.

Kuhusu chakula, hofu ya kwamba mtu hawezi kufanya lolote kabla ya kufungua kinywa haina msingi kwa mazoezi ya kawaida. Mwili huhifadhi wanga katika umbo la glikojeni, takribani gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli, na usiku unapopita akiba inayopungua sana ni ile ya ini, ambayo hulisha ubongo, ilhali ya misuli hubaki karibu kama ilivyokuwa. Nusu saa ya kutembea haraka au kukimbia polepole inaweza kufanywa kwa glasi ya maji pekee. Kinachozidi saa moja, au chenye kasi kubwa, hufaidika na ndizi mbivu, tende mbili tatu au kikombe cha uji mwepesi. Imani iliyoenea kwamba kukimbia tumbo likiwa tupu hupunguza unene upesi ina ukweli nusu tu: mafuta mengi zaidi huunguzwa wakati wa zoezi lenyewe, lakini jumla ya chakula cha siku ikiwa ileile, tofauti ya uzito baada ya wiki kadhaa haionekani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji 10 bora wa Kenya ulikuta kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati waliyokula ilitokana na wanga, hasa ugali, wali na sukari ya kwenye chai, na kwamba walikula mara tano kwa siku. Mkimbiaji anayeshinda na kikombe kimoja cha chai hadi saa nane mchana asishangae kesho yake nguvu zikimwishia njiani.

Vinywaji vya jioni vinastahili neno lao. Uchovu wa usingizi huletwa kwa sehemu na adenosini, kemikali inayojikusanya katika ubongo kadiri mtu anavyokaa macho, na kafeini hufanya kazi kwa kuizuia adenosini isisikike. Nusu ya kafeini iliyonywewa hubaki mwilini kwa takribani saa tano, hivyo kahawa chungu ya kijiweni inayonywewa na kashata saa moja jioni bado ina nusu ya nguvu yake saa sita usiku. Si lazima kijiwe kivunjwe, maana mazungumzo yake yana faida zake, lakini anayetaka alfajiri njema atafute kitu kingine cha kushika mkononi. Chai kali pamoja na chakula ina athari nyingine: inapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yatokayo kwenye mboga na maharage, na chuma ndicho kinachotengenezea hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Upungufu wa damu umeenea miongoni mwa wanawake wa ukanda huu, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni kuishiwa pumzi na kuchoka bila sababu. Mwanamke anayelala vya kutosha na kula vya kutosha, na bado akashindwa kupanda kilima kidogo, ana haja ya kipimo cha damu kabla ya kupewa mawaidha juu ya bidii.

Yote hayo yanachukulia kwamba mtu ana uhuru wa kupanga asubuhi yake, na katika miji mikubwa wengi hawana. Mkazi wa Chanika au Mbagala anayefanya kazi katikati ya Dar es Salaam, ambaye hulazimika kuwa kituoni saa kumi na moja alfajiri ili awahi gari, akiambiwa aamke saa tisa na nusu akimbie kwanza, ameshauriwa vibaya, kwa sababu atakachopata kwenye mbio atakipoteza kwenye usingizi. Kwake yeye ni afadhali kushuka vituo viwili kabla ya kazini na kumalizia kwa miguu, au kufanya mazoezi jioni, wakati ambapo joto la mwili liko juu na misuli ina nguvu zaidi kuliko asubuhi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na ya kuimarisha misuli mara mbili. Haukutaja kwamba ni lazima yafanywe jua likichomoza, na uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kifikie dakika 10. Sifa halisi za alfajiri ni mbili: ubaridi wa hewa, ambao katika miji ya pwani si jambo dogo, na uchache wa mambo yanayoweza kuingilia kati, kwani mgeni, msiba au kikao cha dharura huvamia jioni mara nyingi zaidi kuliko alfajiri.

Kwa anayeweza, kundi ni msaada mkubwa kuliko kengele. Mchakamchaka wa shuleni na wa Jeshi la Kujenga Taifa umewafundisha Watanzania wengi kukimbia kwa kufuata wimbo, na faida yake haikuwa burudani tu: anayeweza kuitikia wimbo huku anakimbia yuko katika kasi ya wastani, naye akishindwa kuitikia ajue amevuka kiwango. Vilabu vya mbio za mitaani vimeurithi utamaduni huo, na kwa wanawake hasa huondoa hatari ya kuwa peke yao gizani. Serikali ya Tanzania nayo ilipotangaza mwishoni mwa mwaka 2016 kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ilisaidia kuondoa aibu ya kuonekana barabarani na raba, ingawa mara moja kwa mwezi haiwezi kujenga mazoea kwa yeyote.

Mazoea hujengwa na marudio yaliyofungwa kwenye tukio lisilobadilika. Uchunguzi wa chuo cha University College London uliochapishwa mwaka 2010, ambao uliwafuatilia watu 96 waliojiwekea tendo jipya la kila siku, ulikuta kwamba ilichukua kwa wastani siku 66 kabla ya tendo kufanyika bila kulazimishwa, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikianzia siku 18 hadi 254, na mazoezi ya mwili yakichelewa kuliko matendo mepesi kama kunywa maji. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa Waislamu wengi tukio hilo lisilobadilika lipo tayari, nalo ni sala ya alfajiri, ambayo baada yake viatu vinaweza kuvaliwa bila kurudi kitandani, na mwezi wa Ramadhani unapoingia mazoezi yaleyale huhamishiwa karibu na futari au baada ya tarawehe. Anayeanza kutoka kwenye kukaa tu asitafute jasho katika wiki mbili za kwanza. Dakika 15 za kutembea, siku nne au tano kwa wiki, zinatosha kuizoesha saa ya mwili, na mbio ziongezwe baadaye. Tahadhari inabaki kwa wenye shinikizo la damu na maradhi ya moyo, kwa kuwa shinikizo hupanda katika saa za asubuhi na mishtuko ya moyo hutokea zaidi wakati huo, na kwa wenye kisukari wanaotumia insulini, ambao sukari yao inaweza kushuka ghafla wakiwa na njaa: hao wazungumze na daktari kwanza, wapime sukari kabla ya kutoka, na wabebe kitu kitamu mfukoni.