Fundi wa Mashine za Hospitali Asibaki Peke Yake

Umewahi kumwona mtoto mwenye nimonia akiwekewa mpira mwembamba wa oksijeni puani? Mara nyingi mpira huo hutoka kwenye mashine ndogo inayovuta hewa ya chumbani, ikaondoa nitrojeni na kubakisha oksijeni. Hewa tunayovuta sisi ina oksijeni asilimia 21. Ile ya mashine hiyo haifai kupungua asilimia 82. Ikichakaa, itaendelea kunguruma na hewa itaendelea kutoka, lakini mgonjwa hatapata kinachomtosha. Muuguzi hawezi kujua kwa kutazama tu. Anayejua ni fundi mwenye kipimo.

Huko Kericho na Bomet kazi ya fundi huyu si rahisi. Mashamba mengi ya chai yako karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na si kila mashine ya oksijeni iliyoundwa kwa nchi za chini hufanya vyema huko. Tena Kericho inajulikana kwa radi na mvua ya mawe. Radi ikipiga, umeme hupanda ghafla na kuunguza mashine isiyo na stabilaiza. Fundi mwenzake wa Mombasa hana shida hizo. Yeye hupigana na joto na chumvi ya bahari.

Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka wa 2013, mafundi hawa wameajiriwa kila mmoja na kaunti yake. Fundi anaweza kuletewa mashine ya msaada isiyo na kitabu cha maelezo wala spea, akose wa kumwuliza. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani, Perry na Malkin, walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi zenye uwezo mdogo: karibu asilimia 38 havikuwa vikifanya kazi. Ukosefu wa mafunzo ulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Kenya kuna chama cha wahandisi na mafundi wa vifaa vya tiba, AMEK. Faida ya kujiunga na chama cha namna hiyo ni kuwajua wenzako. Fundi wa Longisa akikwama, atampigia mwenzake wa Kapkatet aliyekwisha kuifungua mashine kama hiyo. Kuna na jambo zito zaidi. Kosa likitokea katika hospitali moja, fundi hulaumiwa. Likitokea katika hospitali tatu, na mafundi wakaambiana, huenda ubovu umetoka kiwandani, na wana hoja ya kupeleka kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo pia husimamia vifaa vya tiba.

Bila shaka, kuna vyama ambavyo wanachama hukutana kupigwa picha na kunywa chai, na chai Kericho haikosekani. Fundi kijana na aulize kwanza: mafunzo ni mara ngapi, na ada inafanya nini?

Nawe kama umo katika kamati ya hospitali, uliza kama ada na nauli ya fundi wenu vimo kwenye bajeti. Kisha mwombe akuonyeshe mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto, na tarehe ilipopimwa mara ya mwisho.